Mikopo, Udongo na Watumishi wa Kikundi: Tujifunze kwa Benki ya Grameen

(Maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Wengi waliomba yaandikwe, nasi tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Mara nyingi mmetuomba tuzungumze juu ya mikopo. Leo tutazungumza, lakini hatutaanza na riba. Tutaanza na chemchemi.

Miaka michache iliyopita tulitembelea kikundi kimoja. Hatutakitaja jina, wenyewe wamo humu ndani na wametukubalia tusimulie. Daftari lao lilikuwa safi kuliko yote tuliyokuwa tumeyaona. Kila aliyekopa alikuwa amelipa, tena kwa wakati. Tuliwapigia makofi. Tukaambia vikundi vingine viende vikajifunze huko. Kumbe zaidi ya nusu ya ile mikopo ilikuwa ya makaa. Mtu anakopa, ananunua miti ya jirani kule mlimani, anachoma, lori linakuja usiku linabeba magunia, pesa inarudi mapema, anakopa tena. Baada ya misimu kama minne hivi mlima ulikuwa kipara. Na ile chemchemi, ambapo mama alikuwa akijaza mtungi kabla hajamaliza kusalimiana na mwenzake, ikawa inadondoka tone kwa tone. Sasa akina mama wale wale waliolipa vizuri wanatumia saa tatu kila siku kutafuta maji, na hizo saa tatu ndizo walizokuwa wakisuka vikapu vya kulipia mkopo.

Je, kosa lilikuwa la nani? Sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwa na fomu ya kukagua vikundi. Ina maswali 14. Hakuna hata moja lililouliza mkopo umeufanyia nini udongo. Kwa hiyo tulipiga makofi.

Baada ya aibu hiyo tulianza kuuliza: je, kuna benki yoyote duniani, benki ya watu kama sisi, iliyojaribu kukopesha pesa na huku ikiangalia miti, maji na vyoo? Na je, watu wanaoifanyia kazi benki hiyo wanaishije? Maana haya mawili tumeyaona yakienda pamoja. Mkopo unaomaliza udongo humaliza pia mtu anayeubeba.

Basi tuwapeleke Bangladesh. Nchi hiyo ni kama robo ya Kenya kwa ukubwa, lakini watu wake ni kama mara tatu ya watu wetu. Ni tambarare, mito mikubwa inapita katikati, na karibu kila mwaka maji yanaingia mashambani na majumbani. Mwaka 1974 kulikuwa na njaa kali huko. Mwalimu mmoja wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Chittagong, Muhammad Yunus, alianza kutembea katika kijiji cha Jobra karibu na chuo chake. Mwaka 1976 alikuta akina mama wanaotengeneza viti vya mianzi kwa pesa ya mkopeshaji, na mkopeshaji huyo ndiye aliyepanga bei ya kiti. Faida iliyobaki mkononi mwa mama haikutosha hata chakula cha siku. Yunus aliorodhesha watu 42 wa namna hiyo. Deni lao wote kwa pamoja lilikuwa dola 27 za Marekani. Aliwapa kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1983 kazi hiyo ikawa benki kamili kwa sheria, ikaitwa Grameen, maana yake benki ya kijiji. Leo wakopaji wake wamepita milioni 9, na katika kila 10, zaidi ya 9 ni wanawake. Mwaka 2006 benki na Yunus walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mambo hayo wengi wenu mmekwisha kuyasikia. Hata vikundi vya watu watano watano tulivyo navyo hapa Kenya asili yake ni huko. Shirika la K-Rep lilianza kukopesha kwa njia hiyo karibu mwaka 1990, na mwaka 1999 likawa benki. Lakini tulipoleta mtindo wa Grameen hapa tulibeba ile sehemu ya kulipa kila wiki, tukaacha sehemu nyingine njiani.

Sehemu tuliyoiacha ni hii. Mwaka 1984 wakopaji wenyewe walikaa na wafanyakazi wa benki wakatunga Maamuzi 16. Hayasemi mengi juu ya pesa. Yanasema: tutalima mboga mwaka mzima, tule na ziada tuuze. Wakati wa kupanda, tutapanda miche mingi kadiri tuwezavyo. Tutachimba vyoo vya shimo na kuvitumia. Tutakunywa maji ya visima vya pampu, na yasipokuwapo tutachemsha. Tutasomesha watoto. Hatutatoza wala kutoa mahari kwa ajili ya watoto wetu (huko kwao anayetoa mahari ni upande wa msichana, na imefilisi nyumba nyingi). Na mengine kama hayo. Akina mama waliyasema kwa sauti kwenye mikutano yao.

Mtasema, maneno hayo hata sisi tunayo kwenye katiba ya kikundi, yamelala tu. Ni kweli. Lakini wao waliyatilia nguvu kwa vitu vya mkononi. Watoto wengi wa wakopaji walikuwa hawaoni jioni, ugonjwa unaoletwa na kukosa vitamini A. Benki haikuhubiri. Iliuza mbegu za mboga katika pakiti ndogo, kwa bei ambayo hata maskini kabisa angelipa, wafanyakazi wakazibeba mpaka mikutanoni. Baada ya muda ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa mbegu za mboga nchini. Benki, jamani, inauza mbegu!

Nyumba nazo hivyo hivyo. Kuanzia mwaka 1984 ilitoa mkopo wa nyumba, na mkopo huo uliambatana na nguzo nne za saruji zenye vyuma ndani, mabati, na sahani ya saruji ya choo. Mafuriko yakija, kuta za mianzi zinakwenda lakini nguzo na paa zinabaki, mtu haanzi tena kutoka sifuri. Tena sharti lilikuwa kwamba ardhi iandikwe kwa jina la mama mwenye kukopa. Mwaka 1989 mpango huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya ujenzi, nyumba za watu maskini zikiwekwa safu moja na majengo makubwa ya dunia. Sisi tunaona hapo ndipo benki inapotunza mazingira kweli: inapouliza mkopo huu utasimama vipi siku ya maji mengi. Hapa kwetu tungeuliza utasimama vipi mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, kama ilivyokosa katika kaunti kame kuanzia mwaka 2020 hadi 2022, kisha mwaka 2024 ikaja na mafuriko.

Na msidhani maswali hayo ni ya ofisi yetu peke yake. Mwezi wa Oktoba 2021 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo kwa mabenki yote ya biashara, kwamba waangalie ukame, mafuriko na mabadiliko ya hali ya hewa wanapopima hatari ya mikopo yao. Kwa hiyo afisa wa benki akija kuuliza kama shamba lenu lina matuta, msikasirike mkadhani ameacha kazi yake.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili, maana hatukuja kuwauzia ndoto.

Yale maji ya visima vya pampu. Kwa miaka mingi serikali ya Bangladesh na mashirika, UNICEF likiwa mbele, walihimiza watu waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara, wachimbe visima vya bomba. Ushauri ulikuwa wa nia njema kabisa, na benki ya kijiji ikauweka katika Maamuzi yake. Mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba maji ya visima vingi yana arseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayotoka kwenye udongo wenyewe wa chini. Mtu akiinywa kwa miaka, inatoa madoa na vidonda vya ngozi, baadaye saratani. Watu waliokunywa walihesabiwa kwa makumi ya milioni. Ikabidi visima vipimwe kimoja kimoja, pampu zenye sumu zipakwe rangi nyekundu na zilizo salama rangi ya kijani. Mama aliyekuwa ametii kila neno ndiye aliyeumia.

Tunalisema jambo hili kwa sababu katika maombi ya mwaka huu vikundi vingi vinataka kisima cha bomba. Vizuri. Lakini ninyi mlio upande wa Bonde la Ufa mnajua meno ya watoto wenu yana rangi ya kahawia. Hiyo ni floraidi, inatoka ardhini vile vile, na ikizidi hupinda mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru lilitengeneza vichujio kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, vinavyokamata floraidi hiyo. Maji yapimwe kwanza. Pesa ya kupima iwe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza, siyo jambo la kukumbuka pampu ikishafungwa na mheshimiwa ameshakata utepe.

Tuje kwa wafanyakazi. Hapa tutakaa kidogo.

Benki ya kijiji haikungoja watu waje ofisini. Mfanyakazi wake huamka asubuhi akaenda kijijini, zamani kwa miguu au baiskeli, akakaa chini na akina mama kwenye kituo chao, pesa ikahesabiwa mbele ya watu wote. Kijana aliyeajiriwa alifundishwa miezi sita, na sehemu kubwa ya masomo ilikuwa kukaa kwenye tawi na kuangalia. Hakupelekwa kufanya kazi eneo la kwao, asije akapendelea ndugu. Akimaliza miaka 10 anaweza kustaafu na kupewa kiinua mgongo chake akaanzishe jambo lake. Na kuna jambo moja lililotupendeza sana. Tawi hupata nyota za rangi kwa mambo matano. Moja ni ya kulipwa mikopo yote. Moja ni ya faida, moja ni ya akiba kuzidi mikopo. Lakini nyota ya nne ni ya watoto wote wa wakopaji kuwa shuleni, na ya tano ni ya jamaa zote za tawi hilo kuvuka mstari wa umaskini. Kwa hiyo mtumishi hapimwi kwa pesa peke yake.

Lakini mizigo ilikuwapo. Wanawake walioajiriwa waliteseka. Msichana akipanda baiskeli kijijini anazomewa, akitembea peke yake anasemwa, akiolewa mume anataka aache kazi. Benki yenye wakopaji karibu wote wanawake ikabaki na watumishi wengi wanaume. Na sheria zenyewe za mkopo zilikuwa ngumu kama chuma: mwaka mmoja, kulipa kila wiki, kiasi kile kile, hata kama ng'ombe amekufa. Mfanyakazi hakuwa na ruhusa ya kulegeza. Akirudi bila pesa yote anaulizwa, kwa hiyo jioni unamkuta bado ameketi kwenye ua wa mtu.

Mwaka 1995 wakopaji wengi walianza kugoma kuja mikutanoni, wakidai zile asilimia tano zilizokatwa kwa kila mkopo na kuwekwa katika mfuko wa kikundi. Kisha mwaka 1998 mafuriko yalifunika kama theluthi mbili za nchi, zaidi ya miezi miwili. Benki iliwaonea watu huruma ikawapa mikopo mipya juu ya ile ya zamani. Huruma hiyo ikawa mzigo wa pili. Watu walishindwa, wakaona haya, wakaacha kuja. Na mfanyakazi akabaki na orodha ya majina na kituo kitupu.

Walifanya nini? Hawakuwafukuza wafanyakazi wakaleta wakali zaidi. Walibadilisha sheria. Kati ya mwaka 2001 na 2002 matawi yote yaliingia katika mpango mpya: mfuko wa kikundi wa lazima ukaondolewa, mkopo ukaweza kuwa wa miezi michache au miaka, malipo yakapanda wakati wa mavuno na kushuka wakati wa njaa, na aliyekwama akapewa njia ya kupanga upya badala ya kufukuzwa. Maskini wa Mungu yule mfanyakazi sasa aliweza kuambiwa ukweli, mama akasema, "Wiki hii sina," na mkutano ukaendelea.

Wafuatao mtawatambua wenyewe. Katibu wa kikundi kimoja cha hapa aliandika daftari miaka tisa. Alinunua kalamu kwa pesa yake. Siku ya kwenda benki alipoteza kibarua cha siku nzima, nauli akajilipia. Kikundi kikiulizwa, kinasema, "Mama huyo ana moyo." Mwaka wa kumi alilileta daftari ofisini kwetu akaliweka mezani, akasema amechoka, akaondoka. Miezi minane kikundi kilikuwa kimekufa. Na kabla hamjakicheka kikundi hicho, sisi wenyewe tulikuwa na mwalimu mmoja wa nyanjani, pikipiki moja, na vikundi 31. Kila ripoti tulijisifu idadi ya vikundi imeongezeka. Hakuna ripoti iliyosema mwalimu amelala siku ngapi nyumbani kwake. Aliacha kazi mwezi wa tatu, na tulishangaa, ati hakutuambia. Hatukuwa tumemuuliza.

Mfano mwingine wa huko huko. Mwaka 1996 jamaa hao walianzisha kampuni iitwayo Grameen Shakti, ya kukopesha mitambo ya sola, majiko na gesi ya samadi. Ilifunga mitambo ya sola ya nyumbani zaidi ya milioni moja. Siri yake haikuwa ule mtambo. Ilifundisha wasichana wa vijijini kutengeneza taa na vifaa vidogo, fundi akawa jirani, na deni likalipwa kidogo kidogo. Baadaye nyaya za umeme wa serikali zilifika, na mitambo mingi ikawekwa kando. Hiyo nayo ni sehemu ya hesabu. Lakini tazameni mabati ya hapa kwetu. Ni nyumba ngapi zina kioo cha sola kilichokufa mwaka wa pili kwa sababu fundi yuko mjini na nauli yake inazidi bei ya taa?

Na kwa miti hatuna haja ya kwenda Bangladesh. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama walilipwa kidogo kwa mche uliopona. Siyo mche uliopandwa, uliopona. Pesa yenyewe ilikuwa senti chache tu, lakini mtu aliendelea kumwagilia baada ya picha kupigwa. Vikundi vyetu bado vinatuandikia, "Tulipanda miche 2,000." Tafadhali mtuandikie mwaka ujao mingapi iko hai, hata kama ni 90. Hatutawafokea.

Kwa hiyo ile fomu yetu sasa ina maswali 16. La 15: mkopo huu ukilipwa wote, shamba, mto au msitu utakuwa na hali gani? La 16: nani anabeba daftari na sanduku, amelibeba miaka mingapi, na kikundi kinamrudishia nini? Tunashauri faida ya riba itengwe sehemu ndogo ya nauli na kalamu za katibu na mweka hazina, na mtu wa pili afundishwe kazi hiyo angali wa kwanza ana nguvu. Kiasi gani, mtapanga wenyewe. Kikundi cha wafuga nyuki hakilingani na kikundi cha wauza nguo. Sisi nasi tumepata mwalimu wa pili wa nyanjani, na hakuna atakayepewa zaidi ya vikundi 15.

Kile kikundi cha chemchemi kimezungushia chanzo cha maji ua na kupanda miti ya kienyeji juu yake. Mingi ilikauka mwaka wa kwanza, mbuzi wakala mingine. Maji bado hayajarudi kama zamani. Wameamua hakuna mkopo wa makaa tena. Lakini kuna kijana mmoja, mwanachama mwaminifu, ana watoto wawili, amelipa mikopo yake mitatu bila kuchelewa, na kazi anayoijua ni makaa. Ameomba mkopo wa nne. Wengine wanasema apewe, maana akikataliwa atachoma kwa pesa ya tajiri wa lori. Wengine wanasema sheria ikivunjwa kwa mmoja imekwisha. Mama mmoja ameuliza kama kikundi kinaweza kumkopesha mizinga ya nyuki na kumngojea mwaka mzima bila malipo, na mweka hazina ameuliza pesa ya kungojea itatoka wapi. Wanakaa Alhamisi ijayo saa nane mchana, chini ya mwembe wa shule. Wametuita, na tutakwenda. Yeyote kati yenu mwenye kikundi kilichowahi kuamua jambo kama hilo, tunaomba aje nasi. Pikipiki ya ofisi inaondoka saa sita.